Pembe za Zulia la Sebuleni

6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo. Goti linaendelea vizuri, anatembea na fimbo yake na kugombana na kila mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nakuandikia kwa sababu simu ya huko kambini kwenu inashika pale inapotaka yenyewe, na kwa sababu hili sitaki mama alisikie. Nyumba yetu unaijua: ukinong'ona jikoni, chumbani unajibiwa.

Ni habari ya zulia. Ulifanya jambo jema kuwatafuta wale waosha mazulia, tena ukiwa mbali huko. Lilirudi Ijumaa likinukia sabuni, na yale maua ambayo tulishasahau kwamba ni mekundu yamekuwa mekundu kweli. Lakini pembe zote nne zimejikunja juu kama masikio ya paka aliyesikia panya, na ukingo wa upande wa mlangoni umenyanyuka kiasi kwamba unaweza kuingiza kiganja chini yake. Ukiukanyaga unalala. Ukiondoa mguu unainuka tena, kama unakusubiri.

Nimeshajikwaa mara kadhaa. Juzi chai yote niliimwaga kwenye maua hayo mekundu. Sasa mfikirie mama na fimbo yake. Mimi nataka liviringishwe liende stoo. Yeye anasema sebule bila zulia ni kama kituo cha basi. Mwandikie wewe, labda atakusikia. Mimi humu ndani ni dereva tu.

Shuleni kuko salama. Bado nawapeleka watoto asubuhi na kuwarudisha mchana, na bado wananiita Shangazi, hata wale ambao wazazi wao wananiita kwa kubonyeza honi.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa dereva wa kampuni, ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Nadhani ni ile ile chai.

Dada, hilo ni zulia, si mamba. Nimemuuliza mpishi wetu hapa kambini, ambaye zamani alifanya kazi hotelini, naye anasema zulia likioshwa kwa maji mengi hufanya hivyo mara nyingi. Ligeuzeni tumbo juu. Chukueni kitambaa chenye unyevu kidogo, kidogo tu, mpitishe kwenye zile kingo kwa upande wa chini, halafu mziwekee ubao na kitu kizito juu mpaka zikauke kabisa. Msiweke pasi ya moto, maana kama mgongo wake una gundi, itayeyuka. Pia mnaweza kuliviringisha kinyumenyume, maua yakiwa nje, likae hivyo siku kadhaa.

Mama sitamwandikia. Ukitaka kunigombanisha naye, tafuta sababu nyingine. Ila wale waoshaji nitawaandikia, tena si kwa upole.

Mimi mzima. Siku nzima niko juu ya kreni, nainua vyuma vya bwawa, na watu huko chini ni wadogo kama njegere. Huku juu hakuna zulia.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

Tumefanya yote aliyosema mpishi wako. Tumeligeuza, tumelilowesha, tumeliwekea ubao wa kitanda cha zamani na matofali juu yake, kila tofali limevishwa kitambaa ili lisichafue. Mama, fundi cherehani mstaafu, hakukubali matofali yakae uchi. Jirani alipoingia akauliza kama tunajenga. Mama akamwambia tunalaza mtoto.

Tulipoondoa matofali, pembe zikalala kwa adabu mpaka siku ya pili yake. Kisha moja ikainuka, halafu ya pili, na ile ya mlangoni ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Nami jana nimeanguka. Nilikuwa natoka na ndoo ya nguo, nikajikwaa pale pale mlangoni, shavu likakutana na meza. Limevimba. Mwalimu mkuu aliniuliza, "Shangazi, nani kakupiga?" Nikamjibu, "Zulia." Akacheka, lakini nikaona hakuamini, sasa nahisi ofisini wanajadili nimeolewa na nani.

Kwa kweli nimelichoka. Waandikie hao watu.

Dada yako


29 Mei

Kwa Bwana Mteja wetu,

Barua yako tumeipokea na tumeisoma hapa karakana, mimi na wenzangu, kwa sauti. Kwanza kabisa naomba radhi. Pili, sikubaliani na neno "mmeliua". Zulia haliko katika hali hiyo.

Kilichotokea ni hiki. Zulia lenu lina mgongo wa kitambaa kinene, na kitambaa hicho hunywa maji kuliko manyoya ya juu. Likianikwa juani, manyoya hukauka haraka na kusinyaa, mgongo ukabaki umetanuka kwa maji, na hapo kingo hujivuta kwenda juu. Nimewauliza vijana wangu wakakiri kwamba siku ile kamba zote zilikuwa zimejaa, wakalitupia juu ya ukuta, juani. Hilo ni kosa letu na hatutaki kulivika nguo nyingine.

Mama yako alitupigia simu kabla hata barua yako haijafika. Jumamosi iliyopita, tarehe 24, nilikwenda mwenyewe na gari nikalichukua. Alitukabidhi yeye, dada yako alikuwa ametoka. Sasa liko kwangu. Tumelilowesha tena mgongo, tumelivuta na kulibana kwenye mbao kila upande, na linakauka kivulini polepole. Likishakauka tutashonea mkanda mgumu chini ya kingo na kulitandikia wavu wa mpira lisiteleze. Halitatoka hapa karakana kabla ya katikati ya Juni. Nataka nilione limelala lenyewe bila kushikwa.

Mama yako alituuliza jambo moja. Aliuliza kama zulia likiondolewa mtu anaweza kuendelea kujikwaa. Nilidhani ni utani.

Wako katika kazi,
Fundi wa Mazulia


3 Juni

Mdogo wangu,

Najua unafanya kazi na kijana wa jirani yetu, na habari zitakufikia zikiwa zimenenepa njiani, kwa hiyo nakuambia mwenyewe. Nimeteguka kifundo cha mkono. Si kitu kikubwa, nimefungwa bendeji, naendesha kama kawaida.

Ni zulia tena. Jana jioni natoka jikoni, pembe ile ile ya mlangoni ikanidaka mguu, nikaangukia mkono. Mama alipiga kelele kana kwamba ameanguka yeye. Nimemwambia safari hii nalitia kiberiti.

Likizo fupi inaanza wiki hii, kwa hiyo nitapumzika mpaka Jumatatu ya tarehe 16. Usimwandikie mama lolote, utamtia wasiwasi bure.

Dada yako


7 Juni

Mama,

Shikamoo. Naomba uisome hii ukiwa peke yako.

Dada ameniandikia kwamba Jumatatu alijikwaa kwenye pembe ya zulia akateguka mkono. Fundi wa mazulia naye ameniandikia kwamba zulia liko kwake tangu mwezi uliopita. Nimezisoma barua zote mbili mpaka zimeanza kuchakaa. Mmoja wao anakosea, na fundi hana sababu ya kunidanganya.

Mama, kuna nini hapo nyumbani?

Mwanao


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Niliisoma chooni, maana ndipo mahali pekee dada yako hanifuati.

Zulia halipo. Sakafu ni tupu, saruji tu, unaweza kuviringisha gololi kutoka mlangoni mpaka dirishani. Dada yako alijikwaa kwenye kigoda changu cha miguu, ambacho kiko mahali pale pale tangu nilipopasuliwa goti. Alikipiga teke kama vile kimeota saa ile.

Nilianza kushuku zamani, kabla zulia halijaenda kuoshwa. Alikuwa anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Anamimina maji pembeni ya glasi. Zulia lilipokuja na pembe zake, kila kitu kikawa zulia. Nami nikanyamaza, kwa sababu pembe zile kweli zilikuwa mbaya, hata mimi zilininasa fimbo. Ndiyo maana nilimwita yule fundi alichukue. Nikasema moyoni, liondoke, nimtazame. Nimemtazama.

Wiki iliyopita nilikaa kushoto kwake mezani, nikamnyooshea sahani. Nikaishikilia mpaka mkono ukachoka. Hakuiona. Nilipokohoa akageuka na kusema, "Mama! Umetokea wapi?" Nilikuwa nimekaa pale tangu tulipoanza kula.

Nimemwambia, "Mwanangu, nenda hospitali ya macho." Ananiambia, "Mama, macho yangu yanasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti." Na ni kweli, yanasoma. Kilicho mbele yake anakiona. Cha pembeni ndicho hakipo.

Na lipo jambo ambalo hajakuambia. Gari la shule lina mkwaruzo mrefu upande wa kushoto. Alisema nguzo ya geti ilijengwa vibaya. Nguzo ile iko pale tangu wewe unasoma shule hiyo.

Mimi siogopi kugombana naye, unanijua. Nikimbana anafunga mlango wa chumba chake. Anaogopa, mwanangu. Tangu mumewe aondoke hana kingine anachojivunia zaidi ya usukani ule. Labda wewe atakusikia.

Mama yako


13 Juni

Dada,

Hii naituma kwa mkono wa dereva wa kampuni anayeondoka sasa hivi, na nimemwambia asubiri jibu.

Zulia liko karakana tangu tarehe 24 Mei. Siku uliyoteguka mkono halikuwepo nyumbani.

Mama ameniambia mengine, usimlaumu, nimemuuliza mimi. Huoni pembeni, dada. Sijui tangu lini na sijui kwa nini, na nadhani hata wewe hujui. Lakini unajua kwamba huoni, la sivyo usingelitwika zulia makosa ambayo halikuwepo kuyafanya.

Kama ungekuwa mpishi au karani ningekubembeleza polepole. Wewe unabeba watoto wa watu. Jumatatu shule inafunguliwa. Nakuomba usiwashe gari hilo. Mwambie mwalimu mkuu unaumwa, kisha nenda ukapimwe. Ukilitoa gari, nitamwandikia mwalimu mkuu mimi mwenyewe, na hutanisamehe, na nitaandika hivyo hivyo.

Mdogo wako


14 Juni

Wewe,

Nimekubeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Nimekufundisha kufunga kamba za viatu. Nimekufundisha kuendesha, kwenye uwanja ule wa mpira, ukaligonga goli. Leo unaniandikia kama polisi.

Katika miaka yote sijawahi kumwangusha mtoto hata akachubuka goti.

Usiandike popote. Nisubiri.

Dada


19 Juni

Mdogo wangu,

Nimechukua siku chache kabla ya kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa nakutukana, na mama alikuwa ananiuliza mbona karatasi zinaisha.

Jumatatu nilikwenda kazini. Nakuambia ukweli, nilikwenda nikiwa na nia ya kuendesha. Nilioga, nikavaa, nikajisemea kwamba wewe uko juu ya kreni lako mbali huko, unajua nini. Nikawapitia watoto wote.

Ndiyo, nimeendesha asubuhi ile. Niligeuza shingo njia nzima kama kuku. Hakikutokea kitu. Nimewafikisha wakashuka wakikimbia kama kawaida yao. Mchana wakapanda tena ili niwarudishe. Msaidizi wangu wa garini, yule mama mrefu wa kofia, alikuwa bado chini, anawahesabu. Sijui kilichonishika. Nikafungua dirisha nikamwambia:

"Hebu tembea polepole kutoka mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mpaka kwenye taa za mbele. Mimi nitatazama mbele tu."

"Kuna nini, Shangazi?"

"Tembea tu."

Nikashika usukani nikatazama mbele, kwenye geti. Nikasikia viatu vyake kwenye kokoto. Nikangoja aonekane. Viatu vikanyamaza. Geti lilikuwa lile lile na mlinzi wake, hakuna mtu mwingine.

Nikasema, "Mbona husogei?"

Akanijibu yuko pale. "Niko hapa kwenye taa, Shangazi. Nakupungia mkono."

Nikageuza kichwa ndipo nikamwona. Alikuwa karibu kabisa, mkono bado uko juu, anatabasamu, anadhani ni mchezo. Mdogo wangu, yule ni mtu mzima, tena mrefu, mwenye kofia nyekundu. Watoto wangu wengi hawafiki hata kimo cha taa.

Nyuma wakaanza kuimba, "Shangazi, twende! Shangazi, twende!" Nikachomoa ufunguo. Nikamwambia msaidizi akae nao, nikatembea mpaka ofisini, na njiani nikalipiga bega tangi la maji.

Mwalimu mkuu alikuwa anakula. Nikaweka ufunguo mezani kwake, nikamwambia, "Sioni upande wa kushoto. Na ule mkwaruzo haukuwa kosa la nguzo." Alimeza kilichokuwa mdomoni. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka." Alikasirika, mdogo wangu. Hakupiga kelele, ila aliniambia nina bahati na yeye ana bahati na watoto wana bahati, na kwamba hataki tena kusikia neno zulia. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyewarudisha watoto. Mimi nilirudi kwa miguu, nikilia kama mtoto aliyeachwa na gari.

Jana nimekwenda hospitali ya macho, mama amenisindikiza na fimbo yake. Walinikalisha mbele ya mashine, unatazama nukta moja katikati, vimulimuli vinatokea huku na huku, ukikiona unabonyeza. Nilingoja sana bila kuona kitu nikamwambia mpimaji, "Mashine yako imezima." Akasema, "Haijazima, mama."

Ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na wewe unadhani dunia ndiyo inakugonga. Jicho la kushoto limeliwa sana, la kulia kidogo. Kilichokwenda hakirudi. Daktari hakunizungusha. Amesema kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone kila jioni, maisha yangu yote, na kuendesha gari basi. Nilimuuliza mara mbili, akanijibu vile vile mara mbili.

Shule wamenibakiza mpaka mwisho wa muhula, nipange njia na kumwelekeza dereva mpya nyumba za watoto. Baada ya hapo hawajasema. Nakaa kiti cha abiria. Huyo dereva mpya anakanyaga breki kama anaua mende.

Mama ndiye ananitia matone. Mikono yake ya kutungia uzi sindano bado ipo, haikosi jicho. Lile zulia fundi amelirudisha Jumatatu ile ile, limelala sakafuni kama limepigwa pasi. Sina maneno nalo tena.

Bado sijakusamehe vizuri. Lakini hiyo siyo sababu ya barua hii. Daktari ameuliza kama nina ndugu. Amesema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na ndugu wa tumbo moja asisubiri aanze kujikwaa. Wewe unaning'iniza vyuma juu ya vichwa vya watu. Kapime. Usiniandikie lolote mpaka umepima.

Dada yako


4 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimetii, ndiyo maana umengoja. Hapa kambini kuna zahanati ya kutibu vidole vilivyobanwa tu, kwa hiyo niliomba ruhusa nikaenda mjini. Msimamizi aliuliza naumwa nini, nikamwambia sijui bado, dada yangu ndiye anayejua.

Wamenikalisha kwenye mashine ile ile ya vimulimuli. Nilijiamini sana, nikabonyeza kama mtu anayecheza gemu. Kisha wakanipima presha ya jicho lenyewe na kuangalia nyuma yake kwa taa. Daktari, binti mdogo tu, akavuta kiti akakaa karibu. Nikajua.

Jicho la kulia limeanza. Limeanza tu, dada. Kuona sijapoteza kitu. Anasema ningekuja baada ya miaka mitatu minne ningekuja nikiwa kama wewe, na kwamba karibu kila mtu huja akiwa kama wewe. Ameniuliza nani kanituma, kwa kuwa watu wa umri wangu hawaji wenyewe. Nikamweleza, akaandika kitu, halafu akasema, "Mpe pole. Na mpe ahsante."

Basi pole, na ahsante.

Kwenye kreni wamenishusha mpaka majibu ya pili yatoke, daktari anafikiri nitarudi. Kwa sasa niko chini na wenzangu, natazama juu mtu mwingine anavyolizungusha, na kila anapokosea nakunja uso. Nimekuwaza wewe kwenye kiti cha abiria.

Mwezi ujao nina likizo, nitakuja. Nitakaa wiki zote, na tutakwenda pamoja kwa daktari wako, mimi nikiwa upande wako wa kushoto.

Matone najitia mwenyewe. La kwanza liliingia sikioni, la pili puani. Likiingia jichoni linawasha kama kitunguu. Lako nalo linawasha, au nimepewa la bei rahisi? Muulize mama anashikaje kope. Nieleze vizuri, hatua kwa hatua, kama ulivyonifundisha kuendesha, ila bila kunipiga kofi.

Mdogo wako